Kusoma kwa Kina, Kusoma kwa Mapana: Historia ya Vijana wa China na Vitabu vya Kiingereza

Miaka michache iliyopita idara yetu ilimpokea mwanafunzi kutoka China aliyekuja hapa Uganda kujifunza Kiswahili kwa muhula mmoja. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa akisimama chini ya mwembe ulio nyuma ya ukumbi wa mihadhara, karatasi moja mkononi, akisoma kwa sauti kifungu kilekile mara kumi, mara ishirini, hata walinzi wa usiku wakaanza kukijua kwa ghibu. Tulipomuuliza sababu, yeye ndiye aliyetushangaa sisi. Alisema shuleni kwao darasa zima husoma hivyo kabla ya vipindi kuanza, siku nyingine Kichina, siku nyingine Kiingereza. Zoezi hilo lina jina lake, zaodu, yaani kusoma kwa asubuhi.

Mwisho wa mwezi wa pili aliweza kutueleza kila kiambishi katika vifungu alivyosoma, jambo ambalo baadhi ya wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu hawaliwezi. Tukafurahi, tukampa kitabu cha hadithi chenye kurasa 40. Baada ya wiki moja alirudi akiwa kwenye ukurasa wa tatu, pambizo zote zimejaa penseli. Akasema, "Mwalimu, sijui niruke nini."

Kauli hiyo ilitukaa kichwani. Sisi si wataalamu wa China, lakini ni walimu wa lugha ya pili, na tuliona kwamba kijana huyu hakufika kwetu mikono mitupu. Alikuja na desturi ya kusoma aliyoipata kwenye Kiingereza cha sekondari, na desturi ya aina hiyo haijengwi na mwalimu mmoja. Tukaanza kuifuatilia historia yake. Makala haya ni matunda ya ufuatiliaji huo. Tunayaandika pia kwa sababu idarani kwetu kuna pendekezo la kuondoa riwaya mbili katika kozi ya mwaka wa pili na kuweka vifungu teule mahali pake. Wanaounga mkono pendekezo hilo wana hoja, nasi tutazifikia.

Mkataba na wavulana 10

Mwaka 1858, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakiwa yameikaba China katika Vita vya Pili vya Afyuni, serikali ya Qing ilikubali Mkataba wa Tianjin. Kifungu cha 50 cha mkataba na Uingereza kiliweka sharti ambalo kila mwalimu wa lugha angepaswa kulifahamu. Barua za maofisa wa Uingereza zingeandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kichina ingeambatishwa kwa muda tu. Na endapo maana zingetofautiana, maana ya Kiingereza ndiyo ingefuatwa. Msomaji atafakari jambo hilo. Dola yenye maandishi ya zaidi ya miaka 3000 inaambiwa kwamba maana ya mkataba wake imo katika lugha ambayo karibu hakuna ofisa wake anayeweza kuisoma.

Mwaka 1861 Mwanamfalme Gong alipendekeza kwamba wachaguliwe vijana werevu kutoka koo za kijeshi za Wamanchu, wenye umri usiozidi miaka 13 au 14, wafundishwe lugha za kigeni. Shule ya Tongwenguan ilifunguliwa Beijing mwaka 1862 ikiwa na wavulana 10 na mwalimu mmoja wa Kiingereza, mmisionari John Burdon, aliyeajiriwa kwa sharti kwamba asihubiri dini darasani. Hapo ndipo ufundishaji wa Kiingereza kwa vijana chini ya serikali ya China ulipoanza.

Wavulana hao walisoma nini, na kwa namna gani? Mpango wa masomo wa miaka minane uliotolewa mwaka 1876 unatueleza. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anatambua na kuandika maneno na kufafanua vitabu vyepesi. Mwaka wa pili anaongeza sarufi na kutafsiri vipande vifupi. Wa tatu anasoma jiografia na historia fupi za mataifa huku akiendelea kutafsiri. Kadiri anavyopanda ndivyo tafsiri inavyozidi, hadi miaka ya mwisho anapotafsiri vitabu vizima. Kusoma, kwa maana yao, kulikuwa kufasiri. Kila sentensi ilipaswa kutoka upande wa pili ikiwa Kichina safi, bila neno kupotea, kwa sababu neno lililopotea katika mkataba lingeweza kuigharimu nchi bandari. Tukitazama kazi waliyoandaliwa, hatuwezi kuwalaumu. Mtu anayesoma mkataba hana ruhusa ya kuruka neno.

Hapa tusimame kidogo tuueleze ugumu wenyewe, maana si ule wa mwanafunzi wetu wa Kiswahili. Kichina huandikwa bila nafasi kati ya neno na neno, na kila alama hubeba silabi na maana kwa pamoja. Jicho la msomaji hujifunza kukata maneno lenyewe. Kitenzi hakibadiliki kwa wakati: mtu "enda jana", "enda leo", "enda kesho". Hakuna vijineno kama the na a, ambavyo Mwingereza huvimwaga kila mahali kama chumvi. Kikubwa zaidi, katika Kichina maelezo yote ya nomino hutangulia nomino. Sisi tunasema "kitabu nilichonunua jana", na Mwingereza hufuata mpangilio huohuo. Mchina huanza na "mimi jana kununua" halafu ndipo "kitabu" kije. Kijana wa Beijing anapokutana na sentensi ndefu ya Kiingereza yenye virejeshi viwili, mazoea yake yanamtaka afike mwisho, arudi nyuma, apange upya. Kwa hiyo kusoma polepole hakukuwa uzembe. Macho yalikuwa yakifanya kazi ya kubeba mawe.

Alama za kusaidia matamshi kwa herufi za Kilatini, pinyin, ziliidhinishwa baadaye sana, mwaka 1958. Zimemrahisishia mtoto wa China wa leo kutambua herufi kabla hajaanza Kiingereza, ingawa zina mitego yake: q ya pinyin inakaribia ch yetu, na x inakaribia sh.

Nje ya Beijing kulikuwa na njia nyingine, na matokeo yake yalikuwa tofauti. Katika shule ya wanamaji ya Fuzhou, iliyoanza miaka ya 1866 na 1867, Kiingereza hakikuwa somo tu. Hesabu na uongozaji wa meli vilifundishwa kwa Kiingereza. Kijana aliyetaka kujua meli itapita wapi ilimbidi asome kurasa nyingi. Miongoni mwao alikuwamo Yan Fu, aliyeingia shuleni hapo akiwa na umri wa miaka 13 hivi, baba yake akiwa amefariki. Baadaye alipelekwa Greenwich, Uingereza, na mwaka 1898 akachapisha tafsiri yake ya Huxley kuhusu nadharia ya mageuzi ya viumbe, kitabu kilichotikisa kizazi kizima cha wasomi wa China. Vilevile, kati ya 1872 na 1875 wavulana 120 walipelekwa Marekani, makundi manne ya watoto 30, wakalelewa katika nyumba za watu huko New England hadi walipoamriwa kurudi mwaka 1881 kwa hofu kwamba wamegeuka kuwa Wamarekani. Mmoja wao, Zhan Tianyou, ndiye aliyeongoza ujenzi wa reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, iliyokamilika mwaka 1909.

Tunachokiona katika njia hizi mbili ni kwamba mvulana wa Fuzhou na mvulana wa New England walisoma Kiingereza wakitafuta kitu kingine ndani yake. Mvulana wa Tongwenguan alisoma Kiingereza chenyewe. Njia zote zilitoa watu wa maana, lakini iliyorithiwa na shule za kawaida ni ya Tongwenguan, kwa kuwa haikuhitaji meli wala familia ya kigeni. Ilihitaji kitabu kimoja, mwalimu mmoja na kamusi.

Wauza vitabu wa Shanghai

Mwaka 1897 wachapaji wachache wa Shanghai, waliosomea shule ya wamisionari na kufanya kazi katika mitambo ya magazeti ya Kiingereza, walianzisha kampuni ya Commercial Press. Kitabu kilichowainua, mwaka 1898, kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiingereza, Huaying Chujie. Chanzo chake ni kitabu ambacho Waingereza walikitayarisha kwa ajili ya watoto wa shule za India. Xie Honglai aliongeza maelezo ya Kichina pembeni mwa kila somo, kikauzwa kama mandazi ya moto. Wasomaji wetu waliosoma shule za Afrika Mashariki watatabasamu hapa. Nasi pia tunajua maana ya kufundishwa kwa kitabu kilichotungwa kwa mtoto wa nchi nyingine. Tofauti ni kwamba Wachina hawa walikichukua kwa hiari yao, wakakiwekea Kichina, na faida ikabaki Shanghai.

Mtihani wa kale wa utumishi wa dola ulifutwa mwaka 1905, na shule za kisasa zilizokuwa zimeanza kuwekwa kisheria miaka michache kabla zikabaki bila mpinzani. Lugha ya kigeni sasa ilikuwa somo la sekondari, na soko la vitabu likawa kubwa. Katika soko hilo ndipo alipoingia mtu tunayemwona kuwa muhimu kuliko wote katika habari hii, Lin Yutang. Ulimwengu unamjua kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza kuwaeleza Wazungu kuhusu China. Ni wachache wanaokumbuka kwamba fedha na jina alivipata kwanza kwa kuwaandikia wanafunzi wa shule za sekondari vitabu vya Kiingereza, Kaiming, juzuu tatu zilizoanza kutoka mwaka 1928, zikiwa na michoro ya msanii Feng Zikai.

Lin alishikilia jambo ambalo leo linaonekana la kawaida, lakini kwa wakati ule lilikuwa kama kumwambia fundi seremala aache msumeno. Alitaka mwanafunzi ashike sentensi nzima iliyo hai badala ya orodha ya maneno yenye tafsiri, na aisikie kabla ya kuichambua. Michoro ya Feng Zikai ilisaidia sana hapo, kwani picha ya mtoto anayekimbia humwondolea mwanafunzi haja ya kwenda kwenye kamusi. Kwa mara ya kwanza, nadhani, vijana wengi wa China walikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichotungwa na Mchina aliyewafikiria wao, watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 15, na kudhani kwamba huenda wangependa kucheka.

Mafanikio huleta waigaji. Mwaka 1930 kampuni ya Kaiming iliishutumu kampuni shindani kwamba vitabu vyake vipya vya Kiingereza vimenakili vile vya Lin. Mzozo ulijaa magazetini, na Wizara ya Elimu ikaamua kwamba kunakili kulifanyika. Tunalitaja hili si kwa ajili ya udaku bali kwa sababu linaonyesha kwamba vifungu vya kusoma vya watoto vilikuwa na thamani ya kugombewa. Kwetu sisi, ni lini mara ya mwisho wachapishaji wawili waligombana kwa sababu ya uzuri wa kifungu cha ufahamu?

Lugha ya adui

Baada ya 1949 upepo uligeuka. Kirusi ndicho kilichokuwa lugha ya rafiki. Mwaka 1954 Wizara ya Elimu iliagiza kwamba shule za sekondari za awali zisifundishe lugha ya kigeni kabisa, na katika sekondari za juu Kirusi kilitawala. Walimu wengi wa Kiingereza walipelekwa kujifunza Kirusi ili wakifundishe, wakiwa somo moja tu mbele ya wanafunzi wao. Kisha Beijing na Moscow zikakosana, na mwaka 1964 mpango wa miaka saba ukakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kwanza ya kigeni. Miaka miwili baadaye Mapinduzi ya Utamaduni yakafunga shule.

Shule zilipofunguliwa tena, kitabu cha Kiingereza kilikuwa na sentensi za kumtakia Mwenyekiti Mao maisha marefu na za kuwalaani mabeberu. Tumewahi kusikia watu wakiucheka ufundishaji wa enzi hizo. Tungewashauri wasicheke upesi. Mwaka 1973, katika shule moja ya sekondari ya vijijini mkoani Henan, msichana wa miaka 15 aliiacha karatasi yake ya mtihani wa Kiingereza bila majibu na kuandika nyuma yake beti za kusema kwamba yeye ni Mchina, hana haja ya lugha ya kigeni, na bila kujua ABC bado anaweza kufanya mapinduzi. Alikemewa mbele ya wenzake. Siku chache baadaye alijizamisha majini akafa. Mapema mwaka 1974 kundi la Jiang Qing, mke wa Mao, lililichukua tukio hilo na kulifanya silaha ya kisiasa. Mkuu wa shule na mwalimu wa darasa wakafungwa miaka miwili, na kotekote nchini walimu waliowahi kudai kazi ya nyumbani wakaanza kutazamana. Baada ya kuanguka kwa kundi hilo walimu hao wawili walisafishwa majina.

Tunapolisoma tukio hili tunashindwa kuwa upande mmoja. Msichana yule alikuwa ameuliza swali la haki: nasoma hiki kwa ajili gani? Hapakuwa na mtu wa kumjibu kwa upole. Upande wa serikali haukuwa na jibu, nao walimu walikuwa na mtihani tu. Ikumbukwe kwamba mwaka huohuo wa 1973 Idi Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa ya Uganda. Wazee wetu wanajua jinsi lugha hiyo ilivyokuja kunuka bunduki katika masikio ya raia, na jinsi sisi walimu wake tulivyolipa deni ambalo hatukulikopa. Lugha inayoletwa kwa amri haina budi kuwa na kitu cha kumpa kijana anapofungua kitabu.

Alama 40 kati ya 150

Mwishoni mwa 1977 mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, gaokao, ulirejeshwa. Watahiniwa kama milioni 5.7 waliufanya, na waliochaguliwa walikuwa kama 270,000. Mwanzoni Kiingereza hakikuhesabiwa kikamilifu, kwani vijana wengi hawakuwa wamekisoma. Mwaka 1980 alama zake zilihesabiwa kwa asilimia 30, mwaka 1981 kwa asilimia 50, mwaka 1982 kwa asilimia 70, na mwaka 1983 zikahesabiwa zote. Katika ngazi hizo nne historia yote ya baadaye imo. Kila mzazi nchini alijua kwamba mwanawe atakwama au atapita kwa lugha hii.

Mwaka 1985 mkoa wa Guangdong ulijaribu mtihani mpya wa Kiingereza uliobuniwa na Gui Shichun, Li Xiaoju na wenzao wa Guangzhou. Ulitumia maswali ya kuchagua jibu, A, B, C au D, ili watahiniwa wengi wasahihishwe kwa usawa. Nia yao ilikuwa njema: walitaka kupima matumizi ya lugha badala ya kanuni za sarufi zilizokaririwa, na vifungu vya kusoma vikapewa uzito mkubwa. Mfumo huo ulienea nchi nzima. Katika karatasi ya taifa ya miaka ya 2000, yenye alama 150, ufahamu wa kusoma peke yake ulikuwa na maswali 20 na alama 40, ukizidi kuandika na kuzidi kusikiliza.

Mtu angedhani kwamba alama 40 zingewafanya vijana wasome vitabu. Walichofanya ni kufanya mazoezi ya alama 40. Kifungu cha maneno 300 hivi, maswali manne, dakika chache, kifungu kingine. Vitabu vya mbinu vikajaa madukani: soma maswali kwanza, tafuta neno lile katika kifungu, tazama sentensi ya kwanza ya kila aya, jihadhari na jibu lenye neno "daima". Hizi ni stadi, hatukatai, na anayesoma gazeti asubuhi huzitumia. Lakini kijana anaweza kufanya vifungu 500 vya namna hiyo bila kukaa na mhusika mmoja zaidi ya dakika nane.

Darasani kwenyewe urithi wa Tongwenguan uliendelea. Walimu wa China hutofautisha jingdu, kusoma kwa kina, na fandu, kusoma kwa mapana. Katika jingdu somo moja la ukurasa mmoja laweza kuchukua vipindi vinne au vitano: maneno mapya, sarufi, tafsiri ya sentensi baada ya sentensi, kisha kulikariri kwa sauti asubuhi chini ya mti. Tumelieleza hili kwa wenzetu, na mara moja wakasema ni kupoteza muda. Hatukubaliani nao. Darasa lenye wanafunzi 50 au zaidi, lisilo na maktaba wala redio, linaweza kulifanya zoezi hili kila siku bila senti moja, na anayekariri kifungu kizuri anabaki na sentensi ambazo hazitamtoka maisha yake yote. Ila jingdu ina tabia ya mgeni anayekuja kulala siku moja akamaliza mwezi. Huchukua vipindi vyote, na fandu hubaki kuwa "kazi ya nyumbani", jina ambalo walimu tunajua maana yake halisi.

Majaribio ya kurekebisha yamefanywa. Vitabu vya miaka ya 1990, vilivyotungwa na shirika la serikali la uchapishaji wa vitabu vya shule pamoja na Longman, vilileta wahusika Li Lei na Han Meimei, ambao watu wa umri wetu huko China wanawakumbuka kama sisi tunavyowakumbuka Juma na Roza wa vitabu vyetu vya darasa la kwanza. Mmoja wa watungaji wake, Neville Grant, anajulikana pia kwa vitabu vya kiada vya sekondari za Nigeria. Dunia ya vitabu vya shule ni ndogo. Gazeti la 21st Century, la wanafunzi, lilianza mwaka 1993. Halafu mwaka 2001 ukaja mtaala mpya uliofanya jambo ambalo hatujaliona katika mtaala wowote wa Kiswahili: uliandika idadi ya maneno ambayo kijana anapaswa kuyasoma nje ya kitabu cha kiada. Mwisho wa sekondari ya awali, akiwa na miaka 15 hivi, awe amesoma jumla ya maneno 150,000. Kwa sekondari ya juu, mtaala wa 2003 ulitaja 300,000 kwa kiwango cha saba na 360,000 kwa kiwango cha nane.

Maneno 150,000 yanatisha hadi mtu atakapogawanya. Kwa miaka mitatu ni maneno 50,000 kwa mwaka, chini kidogo ya 1,000 kwa wiki, kama 140 kwa siku. Ni nusu ukurasa. Sharti lenyewe ni kwamba nusu ukurasa huo uwe mwepesi. Mwaka 2000 Hu Hsueh-chao na Paul Nation walichapisha utafiti wao uliofanyika New Zealand kuhusu kiasi cha maneno mageni ambacho msomaji anaweza kukivumilia. Pale ambapo msomaji alijua maneno 80 kati ya kila 100, hakuna aliyeielewa hadithi ipasavyo. Ili wengi wasome bila msaada, walipaswa kujua 98 kati ya 100. Katika ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno mageni sita tu. Kitabu tulichompa mwanafunzi wetu wa mwembeni kilikuwa na mageni sita katika kila mistari mitatu. Kosa lilikuwa letu, wala halikuwa la penseli yake.

Agizo la maneno 150,000 limetimizwa hapa na pale, kwenye shule zenye vitabu na walimu wenye subira. Kwingineko mtihani umeshinda. Mwezi Julai 2021 serikali ya China ilipiga marufuku biashara ya masomo ya ziada kwa watoto wa elimu ya lazima, Kiingereza kikiwemo, ili kuwapunguzia mzigo; gaokao imebaki palepale.

Sasa turudi kwenye pendekezo la idara. Wenzetu wanasema wanafunzi hawasomi riwaya, wanasoma miongozo. Ni kweli, tumeiona wenyewe, miongozo iliyonakiliwa hadi maandishi yamefifia, na mwanafunzi anayeweza kutaja dhamira tano za riwaya ambayo hajui inaanzaje. Wanasema vifungu teule angalau vitasomwa. Inawezekana. Lakini baadhi ya wanafunzi hawa ndio watakaokuwa walimu wa watoto wa sekondari waliowekewa Kiswahili kuwa somo la lazima katika mtaala wa 2020, na wa wale watakaofuata uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022. Watafundisha walivyofundishwa. Mwalimu ambaye hajawahi kuruka neno gumu kwa sababu alitaka kujua nini kilimpata mhusika hawezi kumwambia mtoto aruke.

Kwa hiyo tumeomba, na kikao kimekubali kwa muhula mmoja, riwaya moja ibaki na nyingine ipishe vitabu vyepesi sita ambavyo kila mwanafunzi atavisoma kwa zamu, bila maswali ya A, B, C, D, akiandika tu katika daftari kurasa alizosoma na mahali alipochoka. Vipindi vya ufahamu wa kina vinaendelea kama kawaida siku za Jumatatu, na tumeongeza dakika 15 za kusoma kwa sauti, kwa heshima ya mwembe. Tumepata vitabu 31. Vinne havina majalada. Walio na vitabu vya hadithi za Kiswahili wasivyovihitaji wavilete katika chumba cha semina. Kabati liko nyuma ya mlango, na ufunguo anao katibu muhtasi wa idara.